Sahihi Yangu na Kisima cha Bisil

Jumatatu moja asubuhi nilifunga chumba changu cha Kitengela, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo, nikaenda kusimama kando ya barabara ya Namanga bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa na begi moja. Ndani yake mlikuwa na suruali mbili, kikombe, spana nne ninazozipenda, na kitabu cha mafunzo cha msichana mmoja anayeitwa Naserian. Hicho cha mwisho hakikuwa mali yangu.

Nyinyi mnaosoma ufundi mnakijua kitabu hicho. Mkitumwa kazini kujifunza, au atachi kama mnavyosema, mnaandika humo kila wiki mlichofanya. Nyuma kuna orodha ya kazi, na fundi wa kazini anatia sahihi mbele ya kila moja kuwa kweli mnaiweza. Naserian alikuwa amekaa miezi mitatu kwenye kampuni yetu ya pampu za visima. Kitabu kilitakiwa chuoni Kajiado Ijumaa ya wiki hiyo. Bila sahihi yangu angerudia kipindi kizima, na kazi aliyoahidiwa kule Kimana, kusimamia pampu za shamba la vitunguu, ingepewa mtu mwingine.

Aliniachia kitabu Jumamosi akijua ni kazi ya dakika moja. Nikashindwa kusaini. Nikashindwa pia kumwambia nimeshindwa. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho nimefanya kila mara jambo likinikaa kooni: nikahama.

Mimi ni mtu wa kuhama. Niliacha shule darasa la sita. Watu hudhani ni karo. Hapana. Mashine ya kuchimba visima ilipita karibu na shule yetu kule Ukambani, nikaifuata nione inakwenda wapi, na mpaka leo sijarudi. Nimefanya kazi ya pampu tangu wakati wa mashine za dizeli zilizokohoa kuliko babu yangu, mpaka hizi za sola ambazo mwenyewe anaziwasha kwa simu akiwa kanisani. Nimepanga vyumba vingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Katika vyote sikuwahi kununua kiti cha pili.

Lori ya nyasi za ng'ombe ilisimama. Dereva akauliza, "Mzee, unaenda wapi?"

"Wewe unaenda wapi?"

"Bisil."

"Basi mimi pia."

Nilikaa juu ya marobota ya nyasi, upepo ukinipiga, nikafungua kitabu cha Naserian na kukisoma mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa Jumamosi ile, na hapo ndipo aibu ilipoanzia, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kusaini vitabu vya wanafunzi, hicho ndicho cha kwanza nilichokisoma.

Niwaeleze tulivyokuwa tukifanya. Mwanafunzi akija, siku ya kwanza anapewa ovaroli kubwa kuliko yeye. Siku ya pili anabeba paipu. Siku ya tatu anajua nani hanywi chai ya sukari. Pampu ya mteja ni ya bei, bosi hataki iguswe na mtu wa kujifunza, na sisi mafundi tuna haraka. Basi miezi mitatu inaisha, mwanafunzi anaandika jioni moja mambo ya wiki zote kumi na mbili, kila ukurasa "nimeinua pampu, nimeshusha pampu," na mimi ninasaini chini huku ninakula mandazi. Kila mtu anafurahi. Chuo kina karatasi, bosi amepata vibarua, kijana ana cheti.

Naserian hakuandika hivyo. Alikuwa ameandika ukweli, kila wiki, kwa mwandiko mzuri. Aliandika kwa Kiingereza cha chuo, lakini kwa lugha yetu ni hivi: "Wiki ya nne. Nimebeba paipu. Nimepika chai. Nimemwuliza fundi jinsi ya kufungua klampu, akasema baadaye." Wiki ya tano, akasema baadaye. Wiki ya tisa, akasema baadaye, halafu akaenda kulala chini ya lori.

Ni kweli nililala. Kulikuwa na joto.

Sasa ile orodha ya nyuma ilikuwa inanisubiri. Nikisaini, ninaandika uongo mbele ya kurasa kumi na mbili za ukweli. Nisiposaini, ninamwangusha msichana kwa kosa ambalo ni langu.

Kuhusu klampu, acha niwafundishe, maana kila kitu katika hadithi hii kimening'inia hapo. Pampu ya kisima iko chini kabisa, imening'inia kwenye paipu zilizoungana moja juu ya nyingine. Ukitaka kuitoa unavuta kwa winchi, paipu moja moja. Klampu ya juu imeshikwa na winchi. Klampu ya chini inakaa kwenye mdomo wa kisima na kuushika mzigo wote wakati unafungua paipu ya juu. Kisha unarudisha winchi, unainua tena, unafungua klampu ya chini ili mzigo upande. Ukiifungua ile ya chini kabla winchi haijabeba uzito, kila kitu kinarudi shimoni. Hakuna wa kukidaka.

Fundi aliyenifundisha aliitwa Mbithi, mtu wa maneno machache sana. Nilikaa naye mwaka mzima kabla sijajua ana watoto. Alikuwa na kipande cha kadibodi mfukoni. Kabla ya kufungua klampu ya chini alikipitisha kati ya klampu na mdomo wa kisima. Kikipita, uzito uko juu, fungua. Kisipopita, kaa mbali. Ni hilo tu. Halipo katika kitabu chochote nilichoona, na mimi nilikuwa nalo kichwani nimelikalia kama kuku.

Kule Bisil nilijua ninachokiogopa. Niliteremka sokoni, mbuzi wamejaa, vumbi limejaa, na kabla sijapata hata chai nikasikia, "Fundi Mutua! Sopa!"

"Ipa," nikaijibu salamu hiyo ya Kimaasai, na nikageuka nikijua ni nani. Alikuwa Lemayian. Miaka michache nyuma alikuwa mwanafunzi wetu. Alipika chai nzuri sana.

"Umekuja kununua mbuzi ama umekuja kuniona?"

"Nimepita tu."

"Hapa hakuna mtu hupita tu. Lori ndiyo hupita. Watu wako na sababu." Alimwachia mwenzake kamba ya mbuzi. "Umesikia venye watoto hapa wananiita?"

"Sijasikia."

"Dondosha."

Nilikuwa nimesikia kisa chake tangu zamani, ndiyo maana sikuwahi kufika. Lemayian alipata cheti, kamati ya maji ya kwao ikamwajiri kwenye kisima. Siku pampu ilipoharibika alikodi winchi, akafungua klampu ya chini kwanza. Paipu ishirini na mbili na pampu zikaenda. Kampuni yetu ndiyo iliyokuwa imeuza pampu hiyo. Akina mama wakarudi kufuata maji mbali, kwa punda.

Alinipeleka kwenye kisima. Mdomo ulikuwa umefunikwa kwa bati na mawe juu yake, kama kaburi la mbwa.

"Ilitoa sauti gani?" nikauliza. Udadisi ni ugonjwa wangu, unaniuliza maswali mahali ambapo mtu mwingine angetoa pole.

"Haikutoa sauti. Ilienda tu. Halafu baada ya muda kidogo, du."

Akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, "Wewe ndiye ulinisainia, Fundi. Uliandika najua kuinua pampu. Kamati wakasoma, wakaamini. Hata mimi nilisoma, nikaanza kuamini."

Simu yangu ilikuwa imelia mara sita tangu Isinya. Ilipolia ya saba nikaishika.

"Mzee, uko wapi?"

"Bisil."

"Bisil? Nilikuja kwako, landlord akasema umehama. Umehama na kitabu yangu! Kwani itakusaidia na nini?"

"Naserian, siwezi kusaini kitu ambacho hujafanya."

"Kila mtu husaini."

"Ndiyo sababu."

Akasema polepole, "Nilikuuliza, ukasema baadaye. Wiki kumi na mbili. Sasa huo ukweli wako umeamua kuanzia kwangu?"

Nimewahi kugongwa na paipu mguuni. Hiyo ilikuwa nafuu.

Nilikaa kwenye jiwe mojawapo la kisima hicho. Upande wangu palikuwa na shimo lililokufa ambalo hakuna mteja angelilia likiharibika zaidi. Upande wa simu palikuwa na mwanafunzi asiye na mahali pa kugusa kazi halisi. Chuoni kwao wana kishimo cha zege mita sita, unashusha paipu moja unasikia chini. Ni kama kujifunza kuogelea kwenye karai. Nikaona jambo ambalo mtu mwenye shule angeliona mapema.

Nikampigia bosi wangu, Madam Achieng, aliyekuja Kitengela kutoka upande wa Kisumu akiwa na winchi moja na mdomo mkali. Nikampigia pia Mwalimu Wekesa wa chuo cha Kajiado. Nikawaunganisha kwenye simu moja. Miaka yote hiyo nilidhani wanajuana. Hawakuwahi kuzungumza hata siku moja! Kati ya ofisi zao si hata safari ya asubuhi nzima, na kitu pekee kilichokwenda na kurudi kilikuwa kile kitabu, nacho kilikuwa kinadanganya pande zote mbili.

"Mwalimu," Madam alianza, "wewe unanitumia watoto hawajui spana ya kumi na saba."

"Na wewe, Madam, unanirudishia wakijua chai."

"Nikiwapa pampu ya mteja waangushe, utanilipia wewe?"

"Kwani umewahi kuniita nije nione wakiishika? Mimi nikija hupokewa na karani wako, ninapewa soda, ninaonyeshwa cheti cha usajili ukutani."

Niliwaacha wagombane. Ugomvi ule ulikuwa umechelewa miaka, ilibidi utoke. Ulipoisha nikawaambia habari ya kisima cha Bisil: tuziopoe zile paipu. Chuo kitapata shimo la kweli. Naserian atafanya kazi kwa mikono yake, mwalimu akiwa amesimama palepale. Na Madam, ambaye tangu kisa cha Lemayian hauzi hata bomba moja upande huo, atasafisha jina lake.

"Winchi yangu, siku mbili tu," Madam akasema mwishowe. "Na mwalimu asije kunywa soda."

"Nitakuja na ovaroli," akasema Wekesa.

Lemayian ndiye aliyekwenda kuomba ruhusa kwa kamati. Mzee mmoja wa kamati alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kimekufa tayari. Mtakiua mara ngapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Jumatano walifika, winchi ya Madam mbele, gari la chuo nyuma, wanafunzi wanane. Naserian aliteremka wa mwisho. Hakunisalimia. Alinyoosha mkono, nikampa kitabu chake, akakiangalia kama anahesabu kurasa.

Siku hiyo Naserian alifunga winchi kwa mikono yake, kisha tukatengeneza chombo cha kuopolea: kipande cha bomba pana, ndani tumechomelea meno ya chuma yanayolala kuelekea juu. Kichwa cha paipu iliyoanguka kinaingia, lakini kikijaribu kutoka meno yanauma. Wanafunzi wa chuo walijua kuchomelea vizuri kunishinda, niseme ukweli. Mistari yao ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula. Mimi nilijua tu meno yalale vipi. Nilitoa kadibodi mfukoni nikawaonyesha wote wanane, nikarudia, nikamwambia kila mmoja aipitishe. Maneno niliyoyakalia miaka thelathini yaliisha kwa robo saa.

Alhamisi tukaanza. Naserian kwenye klampu ya chini, Lemayian akishika spana, kijana wa Madam kwenye winchi, mimi nikitoa amri. Tulishusha chombo kwa paipu tano, kikagusa kitu. Tukasukuma, tukavuta. Kamba ya winchi ikakaza mpaka ikaimba. Kimeuma. Akina mama waliokuwa wamesimama mbali wakiwa na punda wao wakasogea.

Kupanda ndiyo kazi. Sasa tulikuwa tunainua paipu zetu na zile zilizozama, zimejaa tope. Ya kwanza ikatoka. Ya pili. Kila mara Naserian alipiga magoti, akapitisha kadibodi, akafungua. Paipu ya tisa jua lilikuwa utosini, mimi nina njaa, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kufurahi. Winchi ikainua, nikaona paipu imepanda, nikageuka kumwangalia mwalimu.

"Fungua!" nikasema.

Naserian akapitisha kadibodi. "Haipiti."

"Imepanda, nimeiona. Fungua, binti, usitupotezee wakati!"

"Haipiti, mzee."

Madam, aliyekuwa amesimama juani na mwavuli, akaingilia. "Wewe, fundi amesema ufungue."

Naserian aliweka spana chini, mbali kidogo na mkono wake, akakaa juu ya visigino akituangalia. Hapo kijana wa winchi akapiga kelele. Breki ilikuwa inateleza. Paipu ilikuwa imepanda na kurudi, taratibu, bila mimi kuona, na uzito wote ulikuwa umekaa kwenye ile klampu niliyokuwa naamrisha ifunguliwe.

Lemayian aliiachia spana yake akaenda kusimama peke yake kando ya uzio wa miiba. Nilimfuata, nikasimama naye tu.

Mwalimu alikuwa ameandika kitu. Nikamwomba nione. Aliandika: "Amekataa agizo la fundi, na alikuwa na haki." Nikamwambia aiache hivyohivyo.

Breki ikakazwa. Jioni jua likiwa bado liko, pampu ikatoka, imebonyea, imevaa tope kama nguruwe. Mota ilikuwa imekufa, ila kisima kilikuwa wazi. Mzee wa kamati alishusha mtungi mdogo kwa kamba, akaonja maji. "Chumvi ileile," akasema, na akina mama wakacheka mpaka punda wakashtuka.

Ijumaa asubuhi, mezani kwenye hoteli, nilisaini. Kufunga winchi: sahihi. Kuinua pampu: sahihi. Kuopoa: sahihi. Mstari wa nne ulikuwa wa kuunganisha kebo na kushusha pampu mpya. Pampu mpya haikuwapo. Nikaacha wazi.

"Mzee, moja tu," Naserian akasema. "Nitafanya nikifika Kimana."

"Basi fundi wa Kimana atasaini."

"Na wakinikataa?"

Nikamsogezea kitabu. Alikichukua, akapanda gari la chuo, na hakugeuka.

Hapo ndipo Wekesa alipofanya kazi ambayo mimi nisingeweza. Alimpigia msimamizi wa lile shamba, akamweleza mstari mmoja uko wazi na kwa nini, akamwomba amchukue Naserian, aufanye chini ya fundi wao, naye mwalimu angekuja kuona. Msimamizi alikubali. Alisema ameona vitabu vingi, lakini hajawahi kuletewa chenye pengo, na kwa sababu ya pengo hilo anaamini ile mistari mingine mitatu.

Vijana, siku hizi chuo kile na Madam wamekubaliana kufanya hivyo kila kipindi. Kazi nzito ikitokea, Madam anampigia mwalimu siku moja kabla. Mimi nimestaafu winchi, lakini huenda darasani na kadibodi yangu. Ukienda atachi, mwombe mwalimu wako namba ya bosi, na bosi namba ya mwalimu. Wakigombana, mshukuru Mungu. Na ukiambiwa baadaye, andika kitabuni kama alivyoandika yule msichana. Kuna mzee mahali fulani atakisoma.

Nilibaki Bisil hadi pampu mpya ilipofika. Lemayian aliishusha mwenyewe, nami nikasimama mbali. Wiki zilipita bila neno kutoka Kimana. Kisha siku moja, saa sita mchana, simu.

"Mzee, hii kebo inapimwa kabla ya kuunganishwa ama baada?"

"Kabla na baada. Na ikishaingia majini, tena."

"Sawa." Akakata. Hakunisalimia, hakuniaga. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, nikiwaza kwamba mstari wa nne unajazwa saa hiyohiyo, mahali nisipokuwapo.

Mwezi uliofuata Wekesa akaniambia kuna kisima kingine kilichokufa, karibu na Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, na kundi jipya la wanafunzi. Nilifika huko juzi mchana, kupitia Kiserian, joto linakupiga usoni kama umefungua tanuri. Nikaulizia chumba. Mama mmoja mwenye duka akanionyesha cha mabati nyuma ya duka lake: kitanda, ndoo, msumari wa kutundika shati. Akafungua daftari.

"Mko wangapi?"

"Mmoja."

Akaandika. Akaniangalia mvi. "Mzee wa miaka yako, peke yako, na joto hii. Ukizidiwa hapa, tumpigie nani?"

Ni swali rahisi, na nilisimama nalo mlangoni kama mtu aliyesahau jina lake. Mbithi alikufa. Ukambani hakuna anayenijua tena. Mwishowe nikasema, "Naserian," nikamsomea namba.

"Ni binti yako?"

"Hapana. Ni fundi wa pampu, yuko Kimana."

"Na yeye anajua ukizidiwa ni yeye ataitwa?"

"Hajui."

Mama akafunga daftari, kalamu ndani. "Basi mwambie kwanza," akasema, na hakuondoka mlangoni mpaka alipoona nimetoa simu.